Fundi Amekula Hela: Ni Jinai au Madai?

Ukiwa Muscat au Minneapolis, kisa hiki umekisikia: mtu katuma hela za kujengea nyumba Kigamboni, msimamizi kazila, na sasa anataka polisi wamweke ndani mpaka azirudishe. Uchungu huo ni wa haki kabisa. Ila sheria ya jinai haikutungwa kwa ajili ya kukusanya madeni, na asiyelijua hilo hupoteza miaka akifuatilia kusikofaa.

Tazama kwanza jina la kesi. Tanzania Bara, kesi ya jinai huandikwa Jamhuri dhidi ya mshtakiwa. Wewe uliyeibiwa si mwenye kesi, ni shahidi. Wizi, kipigo au mauaji huhesabiwa kuwa yameidhuru jamii nzima, kwa hiyo dola ndiyo inayoshtaki, kupitia Mkurugenzi wa Mashtaka, na dola ndiyo inayoadhibu: mkosaji azuiwe, ajirekebishe, na wengine waogope. Ndiyo maana ndugu wakisameheana nyumbani kesi haifi yenyewe. Kwa makosa madogo, kama shambulio la kawaida, mahakama inaweza kuwapatanisha. Kwa unyang'anyi wa kutumia silaha, hapana.

Na kwa kuwa mwisho wake unaweza kuwa gereza, hata kitanzi, upande wa mashtaka sharti uthibitishe pasipo kuacha shaka yoyote ya maana. Kwa makosa mengi hautoshi ushahidi wa kitendo. Nia ovu nayo ithibitishwe. Kwenye kesi ya madai, unayomfungulia mwenzako wewe mwenyewe, inatosha ushahidi wako uwe mzito kuliko wake.

Hapo kwenye nia ndipo kesi nyingi za ujenzi hukwama. Kanuni ya Adhabu, iliyotungwa kwanza enzi ya Mwingereza mwaka 1930 na yenye asili yake Queensland, Australia, inalo kosa la kujipatia mali kwa udanganyifu. Udanganyifu unaotajwa ni uongo juu ya jambo lililopo au lililokwisha kutokea, huku msemaji akijua anadanganya. Msimamizi akikutumia picha ya saruji ya jirani na kusema, "Kaka, mifuko 200 iko saiti, tuma hela ya nondo," hiyo ina sura ya jinai. Akisema, "Mwezi wa sita tunapaua," kisha asipaue, ni ahadi iliyovunjwa, na peke yake ni madai. Je, hela ya nondo kaifanyia harusi yake? Hapo panaweza kuwa na wizi wa wakala, maana ulimkabidhi kwa kazi maalumu akaigeuza kuwa yake. Ujumbe ule ulioandika "hii ni ya nondo" usiufute.

Jambo moja laweza kuzaa kesi zote mbili. Mahakama ya jinai ikimtia mtu hatiani inaweza pia kuamuru fidia, lakini usikae kuisubiri: dai la mkataba lina ukomo wa miaka 6, na miaka hiyo haisimami kwa sababu una RB, namba ya taarifa uliyopewa polisi, mfukoni.