AKIBA HAIOZI IKITUNZWA VIZURI



Hapa Ikungi tuna msimu mmoja tu wa mvua. Mvua huanza Novemba au Desemba, na huisha Aprili. Baada ya hapo ni kiangazi, miezi sita au zaidi. Mwezi wa tatu mboga zinajiotea zenyewe mpaka uani. Mwezi wa tisa utatafuta jani bichi, wapi! Lakini tumbo halijui msimu. Linadai kila siku. Kwa hiyo chakula cha kiangazi kitafutwe wakati wa mvua.

Mboga za majani

Chuma majani machanga ya kunde, mgagani, maboga na mlenda. Kwenye kunde usimalize majani yote ya shina moja. Ukiyamaliza, kunde zenyewe hutazipata.

Osha majani kwa maji safi. Majani ya kunde, mgagani na maboga yatumbukize katika maji yanayochemka kwa dakika 2 au 3 tu, kisha yachuje. Mlenda hauchemshwi. Unakaushwa hivyo hivyo, halafu unatwangwa kuwa unga.

Wengi wetu huanika mboga juani, juu ya mwamba. Zinakauka upesi, ni kweli. Lakini jua kali huharibu vitamini A, ambayo hulinda macho na kumkinga mtoto na maradhi. Afadhali anika kivulini penye upepo, juu ya kichanja au mkeka safi. Tandaza majani yasilaliane. Yakivunjika mkononi, yamekauka. Yaweke katika chombo chenye mfuniko, mahali pakavu na penye giza.

Unapopika, tia mafuta ya alizeti au karanga. Mafuta husaidia mwili kupokea vitamini A. Vitamini C hupotea sana mboga zinapokaushwa. Basi wape watoto ubuyu.

Viazi vitamu

Viazi hukaushwa kwa njia mbili. Ukivimenya na kuvikata vipande vyembamba vikiwa vibichi, ukavianika, unapata michembe. Ukivichemsha kwanza, ndipo ukavikata na kuvianika, unapata matobolwa. Usianike chini udongoni. Vipande vyenye weusi au ukungu tupa.

Nafaka

Mahindi yaliyopukuchuliwa yakiwa na unyevu huota ukungu. Ukungu mwingine huacha sumu iitwayo sumukuvu. Sumu hiyo hushambulia ini. Mwaka 2016, katika mikoa jirani ya Dodoma na Manyara, watu zaidi ya 60 waliugua kwa sumu hii na wapatao 20 walikufa. Kupika hakuiondoi. Hakuna cha kusema "moto utaua".

Pima ukavu hivi. Chukua chupa kavu ya kioo. Tia mahindi mpaka theluthi moja ya chupa, na chumvi kavu kiasi cha kiganja. Funga, tikisa vizuri, kisha acha dakika 15. Chumvi ikiganda kwenye kioo, mahindi bado mabichi. Rudisha juani, juu ya turubai. Punje zilizooza au kubadilika rangi zichambue, na usiwape kuku.

Dumuzi, yule mdudu wengi wanamwita skania, hupenda mahindi na muhogo mkavu. Mtama na uwele hawaathiri sana. Kilindo cha wazee kinafaa kama kimesafishwa na kuzibwa vizuri. Mifuko isiyopitisha hewa nayo inafaa: mdudu akikosa hewa hufa. Lakini usiweke humo nafaka yenye unyevu.

Hesabu kabla ya kuuza

Hapa ndipo nyumba nyingi zinapokwama. Mwezi wa sita ghala limejaa. Wachuuzi wanakuja na bei ndogo, tunauza. Gunia jingine linakwenda kwenye pombe. Januari tunanunua debe kwa bei ya juu, tena wakati wa palizi, ambapo mtu anahitaji nguvu.

Sasa tumia kisomo chako. Tuseme nyumba yako hula kilo 3 za nafaka kwa siku.

Siku 1: kilo 3
Siku 30: kilo 90
Miezi 12: kilo 1,080

Hiyo ni karibu gunia 11 za kilo 100. Ongeza mbegu. Kinachozidi hapo ndicho cha kuuza. Baba na mama wafanye hesabu hii pamoja, waiandike, kisha waibandike ukutani. Anayetaka kuuza aisome kwanza.

Maswali ya kujadili kikundini

1. Nyumba yako hula kilo ngapi kwa siku? Kwa mwaka ni gunia ngapi?
2. Kwa nini mboga zianikwe kivulini?
3. Utajuaje kwamba mahindi yamekauka?
4. Katika kijiji chenu, chakula huanza kupungua mwezi gani? Kwa nini?