Kwa nini Tenpenny hasahauliki

Aliyewahi kucheza Grand Theft Auto: San Andreas, gemu iliyotoka mwaka 2004, huenda amesahau mengi ndani yake, lakini si Afisa Frank Tenpenny. Na si kwa nguvu zake. Gemu zimejaa majitu yenye mapanga na mabomu, ukishayaua, basi.

Tenpenny ni polisi. CJ anarudi nyumbani kumzika mamake, na kabla hajafika mtaani Tenpenny kashamshusha kwenye teksi, kamchukulia pesa zake na kumtisha kuwa atambambikia kesi ya mauaji ya polisi mwenziwe. Bunduki utazipata baadaye, lakini huyu humgusi, kwa kuwa sheria iko mfukoni mwake. Vijana wetu wa Pwani hawahitaji kuelezwa sana hilo.

Kibaya zaidi, unamfanyia kazi. Anakutuma utie dawa za kulevya kwenye gari la mwendesha mashtaka, kisha upige simu umchongee, na anayebonyeza vitufe ni wewe. Kwenye sinema ungekuwa mtazamaji tu. (Sauti ya Samuel L. Jackson nayo imesaidia, tusidanganyane.)

Big Smoke anauma kwa njia nyingine: ni sahibu wa tangu utotoni, mkipigana yeye anatafuna chakula garini, mnacheka, kumbe kashawauza.

Mwishoni mahakama inamwachilia Tenpenny na mji unawaka moto. Anatoroka na gari la zimamoto, linatumbukia kutoka darajani. CJ anamwelekezea bastola, lakini jamaa keshakufa.