Nani hulipia darasa la shule ya umma? Maswali ya wazazi wa Kimana

WAZAZI wa vijiji vinavyozunguka Kimana, kusini mwa Kaunti ya Kajiado, wamekuwa wakiambiwa tangu mwaka 2003 kwamba elimu ya msingi ni ya bure. Hata hivyo, muhula unapoanza mtoto hurudi nyumbani na ombi la mchango: wa darasa, wa choo, wa mlinzi au wa chakula cha mchana.

Kwa familia ambayo mifugo yake iliangamia katika ukame, mchango huo ni mbuzi mmoja kati ya wachache waliosalia. Kwa mkulima wa nyanya au vitunguu, ni pesa ambazo hajui kama atazipata hadi siku ya soko. Si ajabu, basi, kwamba wazazi huuliza fedha za serikali huenda wapi.

Serikali ya Rais Mwai Kibaki ilipofuta karo ya shule za msingi Januari 2003, kila mwanafunzi alitengewa Sh1,020 kwa mwaka. Kati ya hizo, Sh650 zilikuwa za vitabu na vifaa vya kusomea, na Sh370 za kuendesha shule. Kiasi hicho baadaye kilipandishwa hadi Sh1,420. Shule za upili za kutwa zilianza kupokea Sh10,265 kwa kila mwanafunzi mwaka 2008, na kufikia mwaka 2018 kiwango kilikuwa Sh22,244. Sekondari msingi, iliyoanza mwaka 2023, ilitengewa Sh15,042.

Hesabu ya shule ya msingi ni rahisi, na inafaa kufanywa hadharani. Wanafunzi 400 wakizidishwa kwa Sh1,420 ni Sh568,000 kwa mwaka mzima. Isitoshe, tangu mwaka 2018 vitabu vya kiada hununuliwa na serikali yenyewe na kufikishwa shuleni, kwa hivyo si kila shilingi ya mgao huo huingia katika akaunti ya shule. Kinachobaki ni cha chaki, maji, umeme, karatasi za mitihani na ukarabati mdogo. Mwalimu mkuu anayesema pesa hizo haziwezi kujenga darasa la mawe hadanganyi.

Tena fedha hizo haziji kwa mkupuo mmoja. Utaratibu ni asilimia 50 katika muhula wa kwanza, 30 wa pili na 20 wa tatu, na mara nyingi huchelewa. Julai 2025, Waziri wa Fedha John Mbadi aliwaambia wabunge kwamba Hazina haikuwa na uwezo wa kulipa Sh22,244 kwa kila mwanafunzi wa shule ya upili, bali takriban Sh16,900. Mwaka huo huo ripoti ya Mkaguzi Mkuu wa Hesabu ilionyesha kuwa shule za umma zilinyimwa takriban Sh117 bilioni katika miaka minne ya fedha. Pengo hilo halikujazwa na Nairobi. Lilijazwa na madeni ya shule kwa wauzaji wa mahindi na maharagwe, na kwa michango ya wazazi.

Wapo wanaouliza kwa nini shule isikope, ijenge, kisha ilipe polepole. Nchini Marekani wakazi wa wilaya ya shule hupiga kura kuidhinisha hatifungani ya kujenga madarasa, na deni hulipwa kwa kodi ya ardhi na nyumba zao. Kenya haina mpango kama huo. Bodi ya usimamizi wa shule haina mamlaka ya kutoza kodi, na hati za ardhi walizopewa wanachama baada ya ranchi ya pamoja ya Kimana kugawanywa haziwezi kutozwa ushuru wa shule. Serikali ya kitaifa ndiyo huuza hatifungani. Kupitia M-Akiba, iliyozinduliwa Machi 2017, mwananchi aliweza kuikopesha Sh3,000 kwa simu, lakini hakuweza kuagiza zijenge darasa la kijijini kwake.

Tangu mwaka 2003 mjenzi mkubwa amekuwa Hazina ya Ustawishaji wa Maeneobunge, ambayo kwa Kimana ni ile ya Kajiado Kusini. Septemba 2024 Mahakama Kuu iliitangaza sheria ya hazina hiyo kuwa kinyume cha Katiba, kwa hivyo shule iliyoweka matumaini yote hapo ilipaswa kushtuka. Chekechea, kwa upande wake, ni jukumu la serikali ya kaunti, na malalamiko kuihusu hupelekwa huko wala si kwa mbunge.

Je, mchango ni halali? Kifungu cha 29 cha Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 kinakataza karo ya mafunzo katika shule za umma. Malipo mengine yanaruhusiwa iwapo Waziri ameyaidhinisha baada ya kushauriana na bodi ya elimu ya kaunti. Makubaliano ya mkutano wa wazazi peke yake hayatoshi, hata kama kila mkono uliinuliwa.

Kifungu hicho kina masharti mengine mawili ambayo husahaulika upesi. Hakuna mtoto anayeweza kuzuiwa kuhudhuria shule kwa sababu mzazi hajalipa, na hakuna anayeruhusiwa kukusanya malipo bila kutoa risiti rasmi. Mtoto aliyerudishwa nyumbani kwa ajili ya mchango wa choo amevunjiwa haki yake, na binti anayekaa nyumbani muhula mzima aghalabu harudi tena darasani.

Mzazi anayetaka kujua shule ilipokea kiasi gani na ikakitumiaje anaweza kuanzia kwa wawakilishi wa wazazi katika bodi ya usimamizi. Asiporidhika, Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2016 inampa Mkenya yeyote haki ya kuomba taarifa kutoka kwa taasisi ya umma na kujibiwa katika muda usiozidi siku 21. Ombi huandikwa kwa Kiswahili au Kiingereza na halilipiwi chochote linapowasilishwa. Asiyejua kuandika hulitoa kwa mdomo, na ni wajibu wa afisa husika kuliandika kwa niaba yake.