Machotara wa Katende na undugu wa bwenini

Monique Bitu Bingi alikuwa na miaka minne pale serikali ya kikoloni ya Ubelgiji ilipoagiza atolewe kwao, Kasai, nchini Kongo. Mama yake Mkongo, baba Mzungu. Kwa masimulizi yake, ukoo uliambiwa kwamba ukikaidi, wanaume watapelekwa jeshini kwa nguvu. Akaishia kwa masista wa misheni ya Katende, alikowakuta machotara wenzake. Vitabuni, palipotakiwa jina la baba, watoto kama hao waliandikiwa kwamba hajulikani. Hajulikani vipi, na mamlaka ilijua fika pa kumfuata mtoto?

Maelfu ya watoto wa Kongo, Rwanda na Burundi waliyapitia hayo. Kutoka Save, kusini mwa Rwanda, watoto wapatao 300 walisafirishwa hadi Ubelgiji kati ya 1959 na 1962. Wengi walibadilishwa majina, na ndugu wa tumbo moja wakagawiwa familia tofauti. Wa Katende hawakusafirishwa. Ghasia za baada ya uhuru zilipochacha, masista waliondoka, wao wakaachwa mikononi mwa wanamgambo.

Nani basi aliwashika mkono? Si serikali, wala si Kanisa, ambalo maaskofu wake wa Ubelgiji waliomba radhi 2017, watoto wale wakiwa wazee. Walishikana wenyewe. Mabinti wa bweni moja wakawa dada. Huko Ubelgiji machotara wakaunda chama, wakatafutana, wakawasumbua wabunge hadi Waziri Mkuu Charles Michel akaomba radhi bungeni Aprili 2019.

Radhi tupu haikuwaridhisha wanawake watano wa Katende, Monique akiwemo. Wakaishtaki dola ya Ubelgiji, wakashindwa 2021, wakakata rufaa. Tarehe 2 Desemba 2024, Mahakama ya Rufaa ya Brussels iliamua kwamba kunyakuliwa kwao kulikuwa uhalifu dhidi ya ubinadamu. Kila mmoja akapewa euro 50,000, kiasi walichodai wenyewe. Kwa utoto mzima, mimi naona walidai kidogo.

Nyaraka za Taifa za Ubelgiji sasa zinawasaidia machotara kutafuta asili zao. Ila karatasi zile ziliandikwa na waliowachukua. Habari iliyobaki iko huku, kwa bibi na mashangazi wa Kasai, Butare na Gitega. Kama ukoo wenu una mtoto aliyechukuliwa enzi hizo asirudi, waulizeni wazee alivyoitwa nyumbani, mama yake ni nani, na alichukuliwa lini. Andikeni sasa, wazee wangali hai.