Gari Lisilo na Cheche: Pima Kwanza, Nunua Baadaye

Asubuhi za Juni na Julai, ukungu unapotanda Lushoto, Soni na Mtae, si ajabu kukuta gari ambalo stata yake inazungusha injini vizuri, lakini injini haiwaki. Mafundi husema "halina moto", yaani plagi hazitoi cheche ya kuwasha petroli. Mara nyingi kauli hiyo ni sahihi. Shaka huanza pale inapofuatwa papo hapo na orodha ya spea za kuagizwa Tanga au Dar es Salaam.

Magari mengi ya petroli ya siku hizi yana koili juu ya kila plagi. Koili moja ikifa, injini ya silinda nne kwa kawaida bado huwaka, ila hutetemeka na kuishiwa nguvu kwenye mlima wa kutoka Mombo. Cheche ikikosekana katika plagi zote nne kwa wakati mmoja, ni vigumu kuamini kwamba koili zote zimekufa usiku mmoja. Hitilafu hutafutwa mahali panapozihudumia zote: betri, fyuzi, waya unaozipelekea umeme, sensa inayoiarifu kompyuta ya injini kwamba injini inazunguka, au kinga ya wizi iliyoshindwa kuutambua ufunguo. Mlaji anayeambiwa anunue koili nne ana haki ya kuuliza ni kipimo gani kilichoonyesha hivyo.

Betri iliyojaa na iliyotulia husoma takriban volti 12.6. Ikishuka chini ya volti 10 stata inapofanya kazi, cheche inaweza kukosekana ingawa hakuna kilichoharibika. Kwa magari ya zamani yenye distributa, ambayo bado ni mengi milimani, kifuniko chake kifunguliwe na kukaushwa kwa kitambaa kabla ya jambo lingine lolote. Unyevu ulioingia humo huvujisha umeme, na kuuondoa hakugharimu chochote.

Jaribio la cheche lenyewe aachiwe fundi. Umeme wa koili hufikia maelfu ya volti, hivyo waya wala plagi isishikwe kwa mkono, na pasiwe na petroli iliyomwagika karibu. Plagi ya majaribio iguse chuma cha injini. Umeme ukikosa pa kwenda, koili na kifaa kinachoiendesha vyaweza kuungua, na hapo gari lililokuwa na tatizo moja litakuwa na mawili.

Spea ikilazimu kununuliwa, chukua risiti inayoitaja kwa jina, dai ile ya zamani urudishiwe, na utunze boksi. Tangazo la "mali ikishauzwa hairudishwi", ambalo maduka mengi hulibandika kana kwamba ni sheria, haliondoi haki ya mnunuzi aliyeuziwa kifaa kibovu. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumdanganya mlaji kuhusu ubora wa bidhaa. Muuzaji akikataa kukusikiliza, peleka malalamiko yako Tume ya Ushindani pamoja na risiti, boksi na kifaa chenyewe.