Barua Humjia Baba: Na Mama Je?

Wengi wetu katika chama hiki ndio tunaowasomea wazee wetu barua za hospitali hapa Uingereza. Ipo barua moja ambayo huwajia wanaume peke yao. Mwanamume akitimiza miaka 65, NHS humwalika kupimwa tumbo kwa altrasaundi. Kipimo hakiumi na huchukua dakika chache. Kinachotafutwa ni uvimbe wa aota, yaani mshipa mkuu unaotoa damu moyoni na kuipitisha tumboni.

Mshipa huo ukifika upana wa sentimita 3 tumboni, huhesabiwa kuwa umevimba. Mtu anaweza kuishi nao miaka mingi bila kuhisi lolote. Ukipasuka, damu humwagika ndani kwa ndani, na wengi hufariki kabla ya kufika hospitali.

Kwa nini wanaume tu? Sababu ipo. Wazee wa miaka 65 hadi 80 walipopimwa Chichester, ugonjwa ulionekana kwa asilimia 7.6 ya wanaume, na asilimia 1.3 tu ya wanawake. Kisha utafiti wa MASS, uliotolewa mwaka 2002, ulionyesha kwamba upimaji hupunguza vifo vya ugonjwa huu. Lakini watu wake wote, karibu 68,000, walikuwa wanaume.

Hapo ndipo penye shida. Wanawake wanaougua ni wachache, lakini ugonjwa wenyewe huwa mkali zaidi kwao. Uvimbe wa ukubwa uleule hupasuka zaidi kwa mwanamke kuliko kwa mwanamume. Mshipa wake ni mwembamba tangu awali, hivyo sentimita 5 kwake ni kutanuka kukubwa zaidi. Ndiyo maana miongozo ya Ulaya huruhusu kufikiria upasuaji kwa wanawake uvimbe ukifika sentimita 5, na kwa wanaume 5.5. Hata upasuaji wenyewe una hatari zaidi kwa wanawake.

Je, wanawake wote waalikwe? Mwaka 2018 watafiti wa hapa Uingereza walipiga hesabu, wakaona kuwa faida hailingani na gharama. Hesabu hiyo tunaielewa. Ila kutoalikwa si kukatazwa. Mwanamke anayehofia anaweza kumwuliza daktari wake kama anafaa kupimwa.

Nani aulize? Kwanza, aliyevuta sigara kwa miaka mingi, maana sigara ndiyo chanzo kikubwa kinachoepukika. Wazee wetu wengine huona haya kumtaja mwanamke na sigara pamoja. Daktari lazima aambiwe. Pili, mwenye ndugu wa damu aliyeugua. Na maumivu makali ya ghafla ya tumbo au mgongo kwa mzee, awe mwanamume au mwanamke, ni ya kupiga 999 papo hapo.

Kwa hiyo baba akikutwa na uvimbe huu, habari isiishie kwake. Shangazi naye ni damu yake. Tumpigie simu.