Biashara ya Mtandao: Tuhesabu Kabla ya Kutoa

Mwezi huu tunaongea juu ya jambo linaloingia nyumba kwa nyumba hapa kambini, nalo limewatoa machozi wazazi wengi: biashara ya mtandao, ile ya "leta watu upate pesa".

Tunajua kwa nini inapata wateja kwetu. Mgao wa chakula umepunguzwa, kibarua ni cha leo na kesho hakipo, watoto wanadai madaftari. Mtu akikuambia kwamba kuna kazi isiyodai diploma wala lugha ya wenyeji, utamsikiliza. Si ujinga, ni shida. Ila shida ndiyo wanayoitafuta hao watu.

Inavyoanza

Mara nyingi anayekuja si mgeni. Ni jirani, ni shemeji, ni mtu mnayeimba naye kwaya moja. Anakuita kwenye "semina". Pale kuna kijana mwenye tai, anaonyesha picha za magari na nyumba. Haongei sana juu ya bidhaa. Anaongea juu ya ndoto zako. Kisha unaambiwa ununue "pakiti" ya kuanzia: sabuni, majani ya chai, dawa ya meno, au vidonge vinavyosemekana kutibu kila ugonjwa. Na nafasi, eti, zinaisha leo!

Mama mmoja, fundi cherehani, alituruhusu tueleze yaliyompata bila kumtaja jina. Aliuza cherehani yake ili alipe shilingi 150,000 za pakiti. Aliambiwa kila mtu atakayemleta atampatia shilingi 30,000. Alileta wawili, dada yake na jirani, akapata 60,000. Chai ile hakuna aliyeinunua, maana sokoni majani yanauzwa kwa bei ndogo mara nyingi. Leo cherehani hana, dada hamsalimii, na jirani anadai pesa zake kila asubuhi. "Pesa ningeisamehe," alituambia, "lakini dada yangu ndiye ndugu pekee niliyevuka naye mpaka."

Hesabu haidanganyi

Tuchukue kalamu. Ili mama yule arudishe 150,000 yake, ilibidi alete watu 5. Hao 5, ili nao warudishe zao, wanahitaji watu 25. Hao 25 wanahitaji 125. Halafu 625, 3,125, 15,625. Ukiendelea hivyo, hatua ya 11 inahitaji watu 48,828,125. Sensa ya mwaka 2024 ilihesabu watu milioni 45.9 katika Uganda nzima, pamoja na watoto wachanga. Basi hao wengine watatoka wapi?

Na tazama jambo lingine. Siku mtandao unaposimama, iwe hatua ya 4 au ya 8, waliojiunga mwisho ndio wengi: karibu wanne kati ya kila watano. Hao hawajaleta mtu hata mmoja. Pesa zao ndizo zilizowalipa wa juu. Hakuna pesa iliyozaliwa pale, ni ile ile iliyohama mfuko.

Majirani walishapitia

Wazee wetu waliokuwa Kinshasa wanakumbuka Bindo Promotion. Mwaka 1991 watu waliweka akiba zao wakiahidiwa kurudishiwa mara kadhaa. Wa kwanza walilipwa kweli, mji mzima ukakimbilia, na mwaka huo huo ikaanguka. Tanzania kulikuwa na DECI, iliyoita michango "mbegu" za kupanda na kuvuna, hadi serikali ilipoifunga mwaka 2009. Nchini Kenya, kamati ya serikali iliyochunguza michezo hiyo ilikuta watu zaidi ya 148,000 walipoteza zaidi ya shilingi bilioni 8 za kule. Na hapa Uganda, Dunamiscoins ilifunga ofisi zake Desemba 2019, wateja wakakuta milango imefungwa.

Majina yanabadilika. Jana ilikuwa mbegu, leo ni sarafu za kwenye simu. Ila wa kwanza kulipwa ndio chambo cha wa mwisho. Kwa hiyo jirani akikuambia, "Mimi nimelipwa, nimeona kwa macho yangu," huenda hasemi uongo. Hiyo si dalili kwamba nawe utalipwa.

Utaijuaje?

Si kila anayetembeza bidhaa ni tapeli. Mama anayenunua sabuni kwa jumla na kuiuza rejareja anafanya biashara ya halali. Uliza maswali haya kabla ya kutoa hata shilingi:

1. Faida inatoka wapi, kwa mnunuzi wa bidhaa au kwa mtu mpya anayejiunga? Ikiwa ni kwa mtu mpya, ondoka.
2. Je, mtu asiye mwanachama angenunua kitu hiki kwa bei hii?
3. Nikishindwa kuuza, mtarudisha pakiti na kunipa pesa yangu? Waandike kwenye karatasi.
4. Kwa nini lazima iwe leo? Biashara nzuri itakuwepo hata wiki ijayo.

Kisha urudi nyumbani uongee na mwenzako. Baba asitoe kwa siri, mama naye asitoe kwa siri. Tumesikia ndoa zilizotikisika, si kwa sababu pesa ilipotea, bali kwa sababu ilifichwa. Na kadi ya chakula isiwekwe rehani kwa mtu yeyote: ile ni sahani ya watoto.

Kama umeshaingia

Usiogope, na usione aibu hata ukanyamaza. Kwanza, acha kuwaleta wengine, hata kama wa juu wanakusukuma. Ukimleta mtu ili uokoe pesa yako, umemtupa yeye shimoni. Pili, tunza risiti na ujumbe wote wa simu. Tatu, dai pesa yako kwa maandishi, na mkiwa wengi nendeni pamoja kwa mwenyekiti wa wakimbizi na polisi. Nne, akija mtu kusema "lipa kidogo nikurudishie zile zilizopotea", huyo ni mwizi wa pili. Na uliowaleta, wafuate uwaambie ukweli. Ni vigumu, lakini undugu huanza kupona hapo.

Kwa anayetaka kukuza pesa kidogo, likelemba ya watu 10 mnaojuana bado ni njia nzuri. Haimwahidi mtu utajiri. Unatoa, unangoja zamu, unapokea kile mlichotoa wote, na kila mmoja anajua mlango wa mwenzake. Mama yule fundi ameingia katika moja. Zamu yake ni ya saba, na anasema itakapofika atanunua cherehani.